UHURU WETU NA WAJIBU WETU WAKATI WA SHIDA

Ndugu Wafanya Kazi,

Tangu mafuriko ya mwaka 2024 wengi wenu mmetuuliza swali moja. Je, nchi ikiwa katika shida, mfanya kazi ana haki ya kudai mshahara wake, au yampasa anyamaze mpaka shida ipite? Wengine husema kwamba kudai wakati kama huo ni choyo. Wengine husema kwamba asiyedai wakati wa shida hatadai kamwe, maana huku kwetu shida haziishi. Maneno haya yameleta ubishi mwingi katika tawi letu la Golbanti, na hata watu waliokuwa marafiki wamenuniana. Kwa hiyo tumeona yafaa tuyaandike maoni yetu katika karatasi hii, kila mmoja ayasome na ayapime mwenyewe.

Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa, kwa faida ya wenzetu wa matawi mengine wasioijua nchi yetu. Sisi twakaa mwisho wa mto Tana, upande wa chini wa Garsen, mahali mto unapotawanyika kabla haujaingia baharini. Nchi ni tambarare. Maji yakija hayaji kwa kishindo kama ya milimani. Huja polepole usiku, na asubuhi mtu akishusha mguu kitandani hukuta nyumba imekuwa ziwa. Wazee wetu huhesabu miaka kwa mafuriko: ya mwaka 1961, ya El Nino ya mwaka 1997, yaliyovunja matuta ya mradi mkubwa wa mpunga na kuondoa kazi za watu wengi, na haya ya karibuni, ya mwisho wa mwaka 2023 na ya masika ya mwaka 2024.

Katika majuma ya kwanza ya masika yale hakuna mtu wa tawi letu aliyeuliza habari za mshahara. Tulijaza magunia mchanga. Tulivusha watoto, wazee na wagonjwa kwa mitumbwi. Mwalimu, muuguzi, kibarua wa shamba na mpakiaji wa malori wa Minjila walisimama katika tope lile lile. Mwenye mtumbwi alitoa mtumbwi, mwenye ng'ombe alitoa maziwa, mwenye akiba ya mahindi alipika. Hakuna aliyetuamuru, wala hakuna aliyeandika majina yetu. Jambo hilo twajivunia, na twawashukuru wote waliolifanya.

Lakini maji yalipoanza kupungua, tajiri mmoja mwenye shamba aliwaita vibarua wake, watu wapata thelathini. Akawaambia kwamba tuta la shamba lake limebomoka, na kwamba watalijenga upya kwa majuma matatu. Malipo hayatakuwapo, ila posho ya unga, kwa sababu hii ni shida ya taifa na mzalendo hadai. Mnyapara wake akaongeza neno: atakayekataa, jina lake halitaonekana katika kitabu msimu wa kazi utakapofunguliwa. Wenzetu wakaenda. Wakafanya kazi juma la kwanza na la pili. Katika juma la tatu, watoto walipoanza kulala na njaa, wakaja kumwona katibu wa tawi. Jina la tajiri yule hatulitaji hapa, maana si yeye peke yake mwenye mawazo hayo. Mpaka leo wenzetu wamelipwa nusu, na nusu bado twaidai.

Tulikutana chini ya mwembe. Kijana mmoja akasimama, akasema, "Sisi tulijaza magunia bure pale zahanati. Kwa nini tulijaza bure kule, na hapa tunadai? Watu watatucheka." Maneno yake yalikuwa na uzito, na wengi walinyamaza. Ndipo akainuka mzee mmoja, mwanachama wetu aliyekwisha staafu, akajibu kwa maneno machache: "Wanangu, mafuriko hayana bwana. Shamba lina bwana. Mavuno yakija, je, mtagawana?" Akaketi.

Sisi twaona jibu la mzee yule ndilo jibu la haki. Lakini twataka kulieleza zaidi, maana halina budi kuwa na mizizi, lisije likawa neno la mkutano tu.

Ndugu, mto huu wetu una kumbukumbu yake. Maji yanayotufikia sisi hapa hupita kwanza Hola, mahali penye makao ya kaunti yetu leo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, watu zaidi ya 80 walitolewa ili wachimbe mfereji wa kumwagilia mashamba. Walikuwa wamekataa kazi ile kwa sababu walijihesabu kuwa wafungwa wa siasa. Askari wakawapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Uongo ule haukudumu. Habari zilifika mpaka Bunge la Uingereza, na tangu hapo ulikuwa vigumu zaidi kwa mkoloni kusema kwamba anatawala kwa ajili ya faida yetu. Mzee aliyesema mkutanoni alikuwa mtoto wa miaka kama kumi wakati ule. Alisikia habari hizo kwa watu waliokuwa wakipanda na kushuka mto.

Hatumlinganishi tajiri wa shamba na wauaji wa Hola. Damu ya watu 11 haipimwi kwa mshahara wa majuma matatu, na mtu akisema hivyo twamkataza. Twasema jambo moja tu: hata mkoloni hakusema "Nifanyieni kazi kwa faida yangu." Alisema kazi ile ni dawa, itawarekebisha, itawajengea nchi. Kila anayetaka jasho la mwenzake bure hutafuta jina zuri la kulifunika. Kwa hiyo mfanya kazi akisikia jina zuri, asikatae upesi, wala asikubali upesi. Na aulize: kazi hii ni ya nani, na faida yake itaingia katika mfuko gani?

Tena tukumbuke kwamba neno uhuru katika nchi hii lilisemwa mapema na watu wa vyama vya wafanya kazi. Chege Kibachia, kiongozi wa chama kilichozaliwa katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, alikamatwa mwaka ule ule na kuhamishwa mbali na watu wake. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alitoa azimio la kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akawekwa kizuizini mpaka Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Watu hawa hawakuutenga uhuru wa nchi na mshahara wa kibarua. Waliona kwamba mtu asiyeweza kusema "hapana" kwa mnyapara, hawezi kusema "hapana" kwa gavana.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, mwito uliosikika ulikuwa Uhuru na Kazi. Wengine leo huutumia mwito ule kana kwamba maana yake ni "Sasa mko huru, basi fanyeni kazi mnyamaze." Sivyo. Maana yake ni kwamba mtu huru hufanya kazi kwa sababu nchi ni yake, naye ana neno katika mashauri ya kazi ile.

Sheria nayo yasema nini? Hapa twawaomba wanachama wasikilize vizuri, maana wengi hudhani sheria iko upande mmoja tu. Mataifa yalipatana mwaka 1930, katika Shirika la Kazi Duniani, juu ya Mkataba namba 29 wa kukomesha kazi ya kulazimishwa, na Kenya huru iliukubali mwaka 1964. Mkataba ule hausemi kwamba mtu hawezi kuitwa kamwe. Wasema wazi kwamba wakati wa hatari kubwa, kama vita, moto, njaa au mafuriko, watu waweza kuitwa kuokoa maisha, na hiyo haihesabiwi kuwa kazi ya kulazimishwa. Wasema pia kwamba kazi ndogo ndogo za kijiji zaruhusiwa, maadamu ni kwa faida ya kijiji chenyewe, na maadamu wanakijiji au wajumbe wao wameulizwa kama kazi ile yahitajiwa. Lakini wakataza kabisa kuwalazimisha watu kufanya kazi kwa faida ya mtu binafsi au kampuni. Katiba yetu ya mwaka 2010 yafuata njia hiyo hiyo: kifungu cha 30 chakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na kifungu cha 41 champa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, haki ya kuingia katika chama, na haki ya kugoma.

Basi mwaona, ndugu. Kijana aliyeuliza swali lile chini ya mwembe amejibiwa na mzee, na amejibiwa na sheria vilevile, na majibu mawili ni mamoja. Magunia ya zahanati yalikuwa wajibu wetu. Tuta la tajiri, maji yakiwa yamekwisha pungua, lilikuwa kibarua, na kibarua kina bei.

Kuna na wale wasemao, "Wakati wa shida si wakati wa kuuliza maswali." Sisi wa Tana River twalijua neno hilo kwa uchungu. Katika vita vya shifta, toka mwaka 1963 mpaka 1967, mengi yalitendwa katika nchi hizi kwa jina la hali ya hatari. Kisha mwaka 1970 ikatungwa sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa mambo waliyotenda miaka ile, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Lamu na hii yetu ya Tana River. Maskini aliyepoteza ng'ombe wake au mtoto wake akaukuta mlango wa mahakama umefungwa. Hivyo ndivyo inavyokuwa watu wanapofundishwa kwamba shida ni sababu ya kufunga kinywa. Shida hupita, lakini mlango uliofungwa hubaki umefungwa kwa miaka mingi.

Hayo ni ya upande wa haki. Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, maana chama kinachohesabu makosa ya matajiri tu ni chama cha nusu.

Katika mafuriko yale yale tunayojivunia, walikuwako wenzetu wenye mitumbwi waliowatoza watu nauli mara tatu. Alikuwako aliyeandikisha katika orodha ya chakula cha msaada jina la ndugu yake aliyekaa Malindi. Mahindi ya msaada yalionekana yakiuzwa sokoni, na muuzaji alikuwa na kadi ya chama mfukoni. Wako na waliotumia jina la chama kukataa kazi ya zahanati, wakisema, "Sisi ni wanachama, hatufanyi kazi bure." Ndugu hao walikuwa wamekosea kama yule tajiri alivyokosea. Yeye alikiita kibarua wajibu, nao waliuita wajibu kibarua. Wote wawili walitaka mwingine abebe mzigo.

Na liko kosa kubwa zaidi, ambalo hatupendi kulitaja, lakini tusipolitaja maneno yetu yote yatakuwa bure. Mwaka 2012 nchi yetu iliwaka moto. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakafa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Kilelengwani, na hata askari polisi waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Watu zaidi ya 100 walikufa katika miezi ile, Wapokomo na Waorma. Watu walisema ni ugomvi wa maji na malisho, kati ya mkulima ambaye shamba lake liko ukingoni na mfugaji anayetaka malka, njia ya kuteremshia ng'ombe mtoni. Ni kweli ugomvi huo ni wa zamani. Lakini uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa karibu vilevile, na kila mtu mwenye macho aliona.

Na sisi tulikuwa wapi? Twasema kwa aibu: tulilala. Mikutano ilikoma. Mwanachama Mpokomo na mwanachama Muorma, waliokuwa wakibeba gunia moja huku na huku, kila mmoja alikwenda kwa watu wake. Ofisi ilipigwa kufuli. Hakuna tajiri aliyetuamuru kufanya hivyo, wala serikali haikutukataza kukutana siku zile za mwanzo, kabla ya amri ya kutotoka nje usiku kutolewa. Tulikuwa huru kusema, tukanyamaza. Tulikuwa huru kwenda kumwona mwenzetu upande wa pili wa mto, tukaogopa. Hatusemi kwamba chama kingeweza kuzuia vita vile. Lakini kama wanachama kumi wa makabila mawili wangalitembea pamoja kijiji kwa kijiji mwezi wa Julai, labda mtu mmoja angalisikia, na labda mtoto mmoja angaliishi. Jambo hilo hatutalijua kamwe, na ndilo linalotuuma.

Basi wajibu wa raia wakati wa shida si jambo la kujaza magunia peke yake. Ni kukataa kugawanywa siku ile ambapo kugawanyika ni rahisi. Uhuru una maana gani kwa mtu wa Golbanti, ikiwa hawezi kwenda Garsen na kurudi bila kuogopa kuulizwa lugha ya mama yake? Bendera hupepea siku ya sikukuu. Lakini siku ya hofu, uhuru wetu hulindwa na jirani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga kuta nyingi mno. Kwa hiyo mkutano wa tawi umekubali mambo haya, na twawaomba wanachama wote wayashike:

1. Maji yakija, kila mwanachama mwenye nguvu atatoa kazi yake bure kwa ajili ya kuokoa watu, zahanati, shule, visima na njia za wote. Asiyekuja bila sababu atatakiwa ajieleze mbele ya mkutano.

2. Hatari ikishapita, kazi ya mali ya mtu binafsi italipwa kama kazi nyingine. Mwanachama akiambiwa afanye bure, asigombane na mnyapara peke yake. Aandike tarehe na idadi ya siku, amwone katibu siku ile ile, wala asingoje juma la tatu.

3. Kazi ya bure ya kijiji itaamuliwa na kijiji chenyewe katika mkutano, wakulima na wafugaji wakiwapo, wanawake wakisema na kusikilizwa. Asiyeulizwa asilazimishwe.

4. Orodha ya chakula cha msaada isomwe kwa sauti mbele ya watu. Mwanachama atakayeuza mahindi ya msaada au kuandikisha jina la uongo atatolewa katika chama, awe nani.

5. Kamati ya tawi haitakuwa ya kabila moja hata siku moja. Na kila mwaka, kabla ya mkulima kulima na kabla ya mfugaji kuja mtoni wakati wa kiangazi, wajumbe wa pande zote watazunguka pamoja kuzikagua malka, ili zijulikane ni zipi na zisizibwe wala zisipanuliwe kwa siri.

6. Ukisikika uvumi wa vita, mkutano utaitishwa siku ile ile. Hatutafunga ofisi tena.

Watu wengine watasema kwamba mambo haya ni makubwa kuliko tawi dogo lenye meza moja na ada ya shilingi chache. Huenda ni kweli. Lakini twawauliza: yakitushinda sisi tunaojuana kwa majina, nani atayaweza? Mbunge yuko mbali, gavana ana mambo mengi, na mgeni wa msaada hukaa majuma mawili akarudi kwao. Kifungu cha kwanza cha Katiba chasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Basi tusiyaache mamlaka hayo yakae kabatini mpaka siku ya kura.

Kwa wenzetu thelathini wa lile tuta, twasema: nusu iliyobaki hatujaisahau, na katibu atakwenda tena mwezi huu. Kwa tajiri yule, kama karatasi hii itamfikia, twasema kwa heshima: maji yakirudi, na nyumba yako ikiwa hatarini, tutakuja kukuokoa wewe na watoto wako bila kuuliza senti moja. Huo ni wajibu wetu nasi twaujua. Lakini shambani kwako sisi ni wafanya kazi, na mfanya kazi hulipwa.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Masika yanarudi kila mwaka, na hakuna ajuaye yatakuja na maji kiasi gani. Mkutano ujao ni chini ya mwembe ule ule. Kila mwanachama aje na mwenzake mmoja wa kabila lisilo lake.

UHURU NA KAZI! UMOJA NI NGUVU!

Kamati ya Tawi, Golbanti